Shangazi Aliyezikwa Kila Mwezi

Kerubo wangu,

Nakusikia huko uani ukibishana na binamu yako Onchari. Yeye anasema sanduku lile kubwa halitaingia kwenye buti, wewe unasema litaingia. Litaingia. Ukishasema kitu kitaingia huwa kinaingia, hata kama buti itafungwa kwa kamba mpaka Lodwar unakokwenda kuanza kazi.

Sitakuandikia habari za maji ya kunywa wala chandarua. Dada zako wamekwisha kukuambia mpaka umeanza kuitikia kabla hawajamaliza. Jana Sabato kanisa zima lilikuombea, na mzee wa kanisa aliomba kwa urefu ambao nadhani ulifika Lodwar kabla yako. Hata blanketi zito umepewa, uende nalo kwenye joto. Hilo ni wazo la shangazi zako, nami nilishindwa kulizuia.

Mimi nina jambo lingine, na nimeamua kuliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitalipamba. Nimekaa kwenye kiti cha hakimu miaka mingi, nimesikia watu wengi wakipamba mambo, na nikajifunza ufundi huo bila kutaka. Kwenye karatasi huwa mkweli zaidi. Tena muda si mrefu. Unajua daktari wa mjini alisema moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kiasi. Nilimwambia marehemu baba yako angefurahi kusikia hivyo, maana yeye alikuwa akilalamika kwamba ni mdogo. Daktari hakucheka. Madaktari wa siku hizi wanasoma sana.

Jambo lenyewe ni kisa chako. Kile kisa ambacho baba yako mdogo Nyakundi hukisimulia kila tukikutana, na ambacho kesho asubuhi, kabla ya maombi ya kukuaga, atakisimulia tena. Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa kwa babu yako Mzee Ombui, sikukuu ya Desemba, wageni wamejaa, mbuzi amechinjwa. Wewe ukapita katikati ya watu wazima, ukasimama mbele ya babu yako, ukamnyooshea kidole wakili aliyeketi kando yake, ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Sokoro, huyu ndiye yule ambaye shangazi yake huzikwa kila mwezi?"

Unajua yaliyofuata, ukoo wote unajua. Babu yako alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye sahani. Wakili naye akacheka, angefanya nini. Na mzee mmoja akasema, mtoto huyu atakuwa hakimu. Tangu siku hiyo umekuwa hakimu, Kerubo. Ulipofaulu mitihani kisa kilisimuliwa. Ulipokubaliwa kuwa wakili kikasimuliwa. Ulipoapishwa mwaka huu Nyakundi alikisimulia mara mbili, ya pili akiwa na maikrofoni.

Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa jikoni unamenya ndizi, mimi nasimamia kazi kwa kukaa, nikakuuliza utafanya nini ukimkuta hakimu mwenzako anapotoka. Ulijibu bila kuinua kisu. Ulisema, "Nitamtania, Mama. Kama nilivyomtania babu. Mtu anasahihishwa, na hakuna aliyeaibika." Nilitaka kukujibu palepale. Badala yake nikasema ndizi zinatosha.

Sasa nakujibu. Yale maneno uliyomwambia babu hayakuwa yako. Yalikuwa yangu.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana wewe ulimjua Mzee Ombui kama babu aliyekuita "mke wangu" na kukuletea peremende mfukoni, zimeshikana na tumbaku. Mimi nilimjua kama hakimu mkuu wa kituo. Kituo chenyewe sitakitaja, kiko huku huku kwetu milimani, na waliopo pale leo hawana hatia ya mambo ya zamani. Nilihamishiwa pale kuwa chini yake. Wakubwa wa Nairobi waliona majina mawili tofauti kwenye karatasi, basi. Hawakujua kwamba yule mzee alikuwa ndugu mdogo wa baba mkwe wangu. Kwa mila zetu, hiyo maana yake ni kwamba naye alikuwa baba mkwe wangu.

Nyinyi mmekulia wakati ambapo mkwe na mkaza mwana wanapiga picha pamoja wameshikana mabega. Sisi tulikuwa na chinsoni, ile heshima na haya kati ya mtu na wazazi wa mwenzi wake. Simgusi mkono. Siingii chumba anachopumzikia. Sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Hatutaniani kamwe, na aibu yake siitazami. Nikiiona, nageuza uso. Haya yote yalikuwa rahisi kijijini, ambapo mtu anaweza kupita nyuma ya nyumba. Sasa jaribu kuyafanya ndani ya kituo cha mahakama chenye mahakimu wawili na choo kimoja.

Tulichekesha watu. Chemba yake ilikuwa na kochi ambalo alilala kidogo baada ya chakula, kwa hiyo kwangu mimi ilikuwa chumba cha kupumzikia cha baba mkwe, na sikuwahi kukanyaga ndani. Nilikuwa nikisimama mlangoni, faili mkononi, na kumweleza mambo ya sheria nikiwa nimetazama fremu. Gari la kituo lilikuwa moja. Yeye mbele, mimi nyuma kabisa na mafaili, na katikati yetu dereva Mogaka, ambaye alifanywa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza lugha moja. Mzee angesema, "Mogaka, mwambie hakimu hukumu yake ya jana ilikuwa nzuri." Mogaka angegeuza kioo na kusema, "Mheshimiwa, umesikia mwenyewe." Nami ningesema, "Mwambie Mheshimiwa nashukuru." Mogaka alituambia siku moja kwamba akistaafu ataomba cheo cha jaji, kwa kuwa amepitisha sheria nyingi kuliko sisi.

Na nataka ujue kwamba yule mzee alinifundisha kazi. Alinifundisha kwamba hukumu iandikwe ili aliyeshindwa aielewe, si aliyeshinda, kwa sababu aliyeshinda hasomi. Sikuandikii ili umchukie. Nilimpenda, nakuambia wewe kwa kuwa yeye sikuweza kumwambia.

Sasa, wakili. Nje ya mahakama watu walimpa jina la Wakili wa Matanga. Alikuwa mtu mcheshi, mnene, mwenye tai nyekundu. Kesi ikiwa haimfai kusikilizwa siku hiyo, alisimama, akashusha sauti, akasema Mheshimiwa nimefiwa. Na huku kwetu, mwanangu, ukiambiwa na mtu kwamba amefiwa huwezi kumwambia alete ushahidi. Hiyo si mila ya Abagusii tu, ni ubinadamu, lakini sisi tumeizidisha. Ukiuliza maswali juu ya maiti ya mwenzako utaonekana mchawi. Kwa hiyo kesi inaahirishwa, karani anasema pole, hata wakili wa upande wa pili anasema pole. Alizika mama mdogo, akazika mjomba, kisha akatulia kwa shangazi. Huyo shangazi alikufa mara nyingi. Mogaka alisema kama angemjua mapema angemkatia bima.

Tulicheka wote. Mimi nilicheka. Hilo ndilo la kwanza ninalokiri.

Kesi iliyoahirishwa kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja wa Nyacheki anayeitwa Nyaboke. Alikuwa mjane bado kijana. Shemeji yake alikuwa ameingia kwenye shamba lake la chai, akang'oa mimea ya mpakani na kuanza kuchuma kama yake. Wakili wa Matanga alimtetea shemeji. Kesi ilikuwa kwa Mzee Ombui, si kwangu. Nyaboke alikuja kila tarehe, kwa miguu sehemu ya njia, leso ileile ya maua mabegani. Hakuwa na wakili. Kila aliporudi nyumbani na tarehe nyingine, shemeji aliendelea kuchuma.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa na jambo la kumwuliza Mzee. Nikaenda kusimama pale mlangoni kwangu pa kawaida. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Wakili alikuwa ndani, amekaa kwenye kochi ambalo mimi sikuthubutu hata kulitazama, na walikuwa wakizungumza habari za ile kesi, wao wawili peke yao, mmoja akiwa anayehukumu na mwingine anayetetea upande mmoja. Wewe umesoma, huhitaji kuambiwa kwamba hilo pekee lilitosha. Lakini nikasikia na maneno. Wakili alisema:

"Mpe mwezi mmoja mmoja tu, Mheshimiwa. Mwanamke akichoka, kesi imeisha yenyewe."

Nilingoja Mzee amfukuze. Ningesema kwa furaha kwamba alimfukuza. Alicheka, kile kicheko chake cha tumboni, akauliza kama chai bado iko kwenye thamosi.

Nikageuza uso. Unaona jinsi nilivyofundishwa vizuri? Niliona aibu ya baba mkwe, nikageuza uso, nikarudi chemba kwangu kwa kunyata kama mimi ndiye niliyekosa. Na njiani nilijisifu. Nilijiambia nimetunza heshima.

Kanuni zetu zilikuwa wazi hata wakati ule. Hakimu akijua kwamba mwenzake au wakili amevunja maadili, anapaswa kuchukua hatua. Haikuandikwa kwamba isipokuwa akiwa mkwe. Nilizijua kanuni hizo kwa moyo. Niliwahi hata kuzifundisha kwenye semina, nikapigiwa makofi. Ningeweza kumwandikia mkuu wetu wa eneo. Ningeweza kuwaandikia wanaosimamia nidhamu ya mawakili, angalau kuhusu yule wa kochi. Ningeweza, la mwisho kabisa, kusukuma ule mlango. Mila yenyewe ingenipa njia kama ningeitafuta: tuna wazee wa kupeleka maneno mazito kati ya wakwe, tangu zamani, kwa sababu hata mababu walijua mkwe anaweza kukosa. Sikwenda kwa mzee yeyote. Nilimwambia baba yako tu, kitandani, naye akaniambia nisimletee vita ukoo wake. Nikamshukuru kwa kunizuia. Usimlaumu. Nilimwuliza yeye kwa sababu nilijua atajibu hivyo.

Kisha ikaja Desemba. Nikawaza kwamba kuna mtu mmoja nyumbani kwetu ambaye chinsoni haimfungi. Mjukuu na babu kwa mila zetu ni kama marika. Wanataniana watakavyo, na mjukuu akitukana ni kicheko. Asubuhi ile nilikuwa nakusuka. Ulikuwa umekaa katikati ya magoti yangu, unalia kwa sababu navuta. Nikakuambia nitakufundisha neno la kumchekesha babu. Ukaacha kulia. Nikakufundisha. Hukulielewa. Uliniuliza, "Kwani shangazi mmoja anakufa mara ngapi?" Nikakuambia hilo ndilo la kuchekesha. Ukalirudia mpaka nywele zikaisha, na nikakuahidi paja la kuku.

Kwa hiyo ulipopita katikati ya wale watu sikushangaa kama wenzangu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni nimeshika mwiko, nahesabu maneno yako usije ukasahau moja. Nilimtuma mtoto wa miaka sita akafanye kazi ya hakimu, nami nikajificha kwenye moshi. Paja nilikupa, hilo nililitimiza.

Ukoo ukakuita jasiri. Mimi nikanyamaza, mwaka baada ya mwaka, na kila Nyakundi alipokisimulia nilicheka mahali palepale pa kucheka.

Utauliza, lakini si ilisaidia? Ndivyo nilivyojiambia nami. Ni kweli shangazi hakufa tena. Mwezi uliofuata wakili aliumwa jino. Halafu gari lake likaharibika Keroka. Halafu jino tena. Mzee aliahirisha kama kawaida, safari hii akitabasamu, kwa sababu sasa lilikuwa jambo la utani kati yao: "Leo ni nani?" Fikiri hilo. Kabla ya kisa chako, ule ulikuwa ubaya wa siri. Baada yake ukawa ubaya tuliouzoea, umepewa jina, umekaa nasi mezani. Watu wote wakawa wameshalisema, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kulisema. Na lile la kochi, lile nililolisikia, halikuguswa kabisa. Sikukufundisha hilo, kwa kuwa halichekeshi.

Nyaboke alichoka, kama ilivyotabiriwa. Siku moja kesi iliitwa naye hakuwepo, ikafutwa. Mzee alistaafu kwa heshima, tukamnunulia saa ya ukutani. Mimi ndiye niliyesoma hotuba.

Wakili alihamia mji mwingine, mbali na huku. Huko alikutana na hakimu mmoja msichana, hata mwaka hajamaliza kazini. Nilikuja kukutana naye kwenye mafunzo, wakati wa chai. Mwembamba, anaongea polepole, nikadhani ni mtu wa kuonewa. Nikamwuliza ilikuwaje na yule wakili. Akasema alimwona wakili huyo akifanya mchezo wa matanga, akamwuliza waziwazi mahakamani, akadanganywa. Akahakikisha, kisha akaandika alichokiona na alichokisikia, bila kuongeza, akapeleka panapohusika. Wakili akasimamishwa. Nikamwuliza hakuogopa? Akaniangalia kama ambaye hakuelewa swali. "Niliogopa," akasema. "Nikaandika nikiwa naogopa." Kisha akaniuliza kama sukari iko upande wangu.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko hukumu yoyote niliyowahi kusoma. Mimi nilikuwa nangoja woga uishe ndipo nianze. Hauishi, Kerubo. Mimi nina miaka sabini na kitu, na ninakuandikia haya nikiwa nakuogopa wewe, niliyekuosha masikio.

Baada ya lile jibu lako la jikoni sikulala vizuri. Alhamisi ulipokwenda mjini kununua viatu, nilimwambia Onchari anipeleke Suneka. Mlidhani nilikwenda kwa dada yangu. Nilikwenda kumtafuta Nyaboke. Nilikuwa nimesikia siku nyingi kwamba alihamia kwa binti yake huko na anauza ndizi sokoni. Onchari aliniuliza kwa nini ndizi za Suneka na sisi tunazo nyuma ya nyumba. Nikamwambia aangalie barabara.

Haikuwa vigumu kumpata. Amenenepa, amezeeka vizuri kuliko mimi, na ana sauti ya kuuzia soko zima. Aliniona nikishuka kwa mkongojo, akaniletea kiti chake, na yeye akakaa juu ya kreti. Alinijua mara moja. Aliniita Mheshimiwa, nikamwomba aache, akasema hapana, ni raha kuwa na mheshimiwa kwenye kibanda, wateja wataongezeka.

Nikamwambia yote. Mlango, kochi, maneno ya wakili, wewe na kusukwa kwako. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na nimejiandaa kwa machozi. Aliendelea kugawanya vichane vya ndizi nikizungumza, na mara moja alimfokea kijana wa bodaboda asikanyage gunia. Nilipomaliza akafuta mikono.

Akasema habari za shangazi walizijua wote. Pale nje kwenye nyasi, wale waliongojea kuitwa walikuwa wakibashiri asubuhi ni nani atakufa leo. Walicheka pia. "Lakini nyinyi mlicheka mmekaa," akasema.

Nikasema ndiyo.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. "Wewe ukipita tulikuwa tunasimama. Unakumbuka? Si kwa sababu ya kiti chako, hata yule mzee alikuwa na kiti. Tulisema, huyu mama hajui. Angejua, angesema."

Nilikaa pale kwenye kiti chake mbele ya ndizi zake, na kwa mara ya kwanza sikuweza hata kugeuza uso, kwa sababu kibanda ni kidogo na upande wa pili kuna ukuta wa mabati. Halafu akaniuliza kama nimekunywa dawa, maana nimekuwa na rangi ya majivu, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati.

Sikumwomba msamaha, Kerubo. Nilitaka, lakini niliona ningekuwa namwongezea kazi nyingine. Nilimwuliza tu kama ningeweza kumfanyia kitu. Alifikiri. Chai ile haitarudi, shemeji amekufa, watoto wa shemeji wameuza. Akasema hana haja ya kitu, ila akauliza huyo mtoto niliyemtuma yuko wapi. Nikamwambia Jumatatu anaondoka kwenda kuwa hakimu. Akapiga kofi moja, akacheka mpaka kreti ikalia.

"Nitakuja kumwona kabla hajakaa," akasema. "Nitaleta ndizi. Akishakaa itaitwa hongo."

Kwa hiyo kesho asubuhi kutakuwa na mgeni. Utamtambua kwa sauti. Nimewaambia dada zako kuna mama mmoja wa Suneka anakuja, wala hawakuuliza, wana mambo ya chapati. Nimemwekea kiti mezani, kati yangu na Nyakundi. Na Nyakundi akianza kisa chako, nitamwomba anipishe. Nitakisimulia mimi, kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye kochi, mbele ya ukoo wote na mbele ya Nyaboke. Wengine watasema namvunjia heshima marehemu, mkwe wangu tena. Wana haki ya kukasirika. Heshima niliyompa Mzee Ombui alipokuwa hai ilimwacha aharibikiwe bila mtu wa kumwambia, na sina hakika kama hiyo ni heshima au ni uvivu uliovaa leso.

Naweka sharti moja tu kwako. Usinitetee. Najua utataka, tangu utoto ukiona mtu ananisema unanyanyua kidevu. Kesho kaa tu, usikilize. Ndiyo kazi utakayoifanya huko, na ni ngumu zaidi anaposemwa unayempenda.

Sikuambii uwe na ujasiri. Huo tulikusingizia ukiwa mdogo, na sasa nimekuvua mbele yako mwenyewe, pole. Labda unao wa kwako, sijui. Nilikuwa nikisikiliza maneno yangu katika mdomo wako, nikashindwa kusikia yako. Huko Lodwar hakuna anayekijua kisa hiki. Utaanza bila sifa. Naona hilo ni jambo zuri, ingawa shangazi zako hawatanielewa.

Na siku moja utasimama kwenye mlango wa mtu. Atakuwa ni mtu aliyekufundisha kazi, au anayekuchekesha, au aliyekusaidia kupata nyumba. Sitakuambia la kufanya, unalijua kuliko mimi nilivyolijua. Ninachokuambia ni kwamba mlango ule ulikuwa mwepesi. Nimeukumbuka mara nyingi. Ulikuwa wa mbao nyembamba, bawaba zake zilitiwa mafuta, na ulikuwa tayari umefunguka nusu.

Sasa mmemaliza na sanduku, nasikia Onchari ameshindwa. Nitakupa barua hii baada ya chakula, uende nayo chumbani. Ukitaka kukasirika, nakuomba ukasirike ukiwa bado hapa. Usiende ukanikasirikie kwa simu. Mtandao wa huku unakatika, na sitaki kugombezwa nusu. Jioni nguvu zangu huwa zimekwisha, lakini asubuhi bado ninazo. Njoo kabla wenzako hawajaamka. Usibishe hodi, sukuma tu, uketi kitandani kwangu, uniambie kila kitu. Kisha utanisaidia kuvaa, twende tukampokee Nyaboke getini.

Mama yako